Fuata Kidole kwa Macho: Mazoezi Haya Yanamfaa Nani?

Zungusha macho mara 10 kulia na mara 10 kushoto. Fuata kitone kinachopita kwenye kioo cha simu. Tazama ncha ya pua, kisha tazama dari, na baada ya majuma machache miwani utaitupa. Maelekezo ya namna hii yamezagaa, na si ajabu kwamba yanapendwa: hayana gharama, hayana foleni ya hospitali, na yanampa mtu hisia kuwa afya ya macho yake imo mikononi mwake mwenyewe. Kasoro yake ni kwamba yanachanganya mambo matatu yenye vyanzo tofauti kabisa, yaani uchovu wa macho, kutoona sawasawa, na macho mawili kushindwa kwenda pamoja. Hili la tatu ndilo ambalo mazoezi yanaweza kulisaidia, tena kwa masharti. La kwanza lina tiba nyepesi kuliko mazoezi. La pili halisikii mazoezi hata kidogo. Hoja yangu ni kwamba mazoezi ya kufuatilia vitu kwa macho ni mafunzo kwa ubongo unaoyaongoza macho. Hayaongezi nguvu ya misuli wala hayabadilishi umbo la jicho. Ukilishika hilo, swali la kwanza linakuwa kasoro ni ipi, na zoezi linafuata baadaye.

Tuanze na misuli yenyewe, maana ndiyo inayosingiziwa udhaifu. Kila jicho huvutwa na misuli sita inayopokea amri kutoka ubongoni kwa njia ya neva tatu. Mtu akiwa macho, jicho lake huruka kutoka sehemu moja hadi nyingine takriban mara 3 kila sekunde. Zidisha kwa saa 16 za kuwa macho na utapata miruko zaidi ya 150,000 kwa siku moja. Misuli inayofanya kazi kiasi hicho tangu utotoni haiwezi kuwa inangojea mizunguko 10 ya asubuhi ndipo ipate nguvu. Kinachoweza kupungua au kuongezeka ni usahihi wa amri, na amri hizo ni za aina mbalimbali. Unaweza kulithibitisha hapo ulipo. Tazama ukuta mtupu, ujaribu kupitisha macho polepole kutoka kulia hadi kushoto bila kituo. Hutaweza, anayekutazama ataona macho yako yakiruka hatua kwa hatua. Sasa nyoosha kidole, kipitishe polepole mbele yako na ukifuate: macho yatateleza bila kuruka. Ubongo una mfumo mmoja wa kuruka na mwingine wa kufuata, na huu wa kufuata hauamki mpaka pawe na kitu kinachosogea. Jaribu jingine: kidole kikiwa kimetulia, tikisa kichwa kama anayekataa jambo, na utaona kidole kinabaki wazi. Kisha tuliza kichwa, utikise kidole kwa kasi ileile; kidole kitageuka ukungu. Katika jaribio la kwanza, sikio la ndani liliuarifu ubongo kwamba kichwa kinageuka, nao ukayasukuma macho upande wa pili kwa kasi ambayo mfumo wa kufuata hauwezi kuifikia. Upo na mfumo wa nne, wa kuyaelekeza macho yote mawili upande wa pua kitu kinapokaribia. Kuruka, kufuata, kutuliza, kukutanisha: hizi ni kazi nne, na zoezi linaloinoa moja halina lazima ya kuinoa nyingine. Ndiyo maana ushauri wa jumla wa “fanya mazoezi ya macho” hauna uzito wowote mpaka tujue ni kazi ipi kati ya hizo imelegea.

Lakini wengi wanaotafuta mazoezi hawana kasoro katika kazi hata moja. Wana macho yanayowasha, yanayohisi kama yameingia mchanga, yanayoona ukungu jioni, na kichwa kinachouma juu ya nyusi baada ya saa nyingi za simu au kompyuta. Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni kope. Mtu aliyetulia hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea kioo cha simu, idadi hiyo hushuka sana, mara nyingine hadi nusu au chini yake, na mipepeso mingine haifiki mwisho kwa sababu kope hazigusani. Chozi hukauka juu ya jicho, na ukungu huja na kuondoka kila unapopepesa. Mtuhumiwa wa pili ni msuli mdogo ulio ndani ya jicho, unaoibinua lenzi ili tuone vya karibu. Huo hauhusiani na ile misuli sita ya nje. Fundi cherehani, fundi simu, mwalimu anayesahihisha rundo la madaftari, hata anayechambua mchele kwenye ungo, wote huushikilia msuli huo katika mkazo kwa muda mrefu. Dawa ya mkazo ni kuulegeza, na unalegea unapotazama mbali. Kuzungusha macho hakuugusi.

Ndipo inapoingia kanuni mashuhuri ya 20 tatu, iliyoenezwa na Jeffrey Anshel, mtaalamu wa macho wa Marekani, katika miaka ya 1990: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani kama mita 6, kwa sekunde 20. Ni kanuni nzuri kwa kukumbukika kwake, na nadhani ndiyo sababu kubwa ya namba hizo kufanana. Ushahidi wake ni wa wastani. Katika utafiti mmoja uliochapishwa 2022, watu waliokumbushwa na kompyuta zao kuifuata walipata nafuu ya dalili, lakini juma moja baada ya vikumbusho kuondolewa nafuu ile haikuwapo tena. Utafiti mwingine ulilinganisha mapumziko ya sekunde 20 yaliyotolewa kwa vipindi mbalimbali na haukuona tofauti ya maana. Kwa hiyo usiziabudu namba. Ninachokishauri ni kuinuka kitini kila inapowezekana, kutoka hadi mlangoni au dirishani, kutazama mbali kwa dakika moja au mbili na kupepesa kwa ukamilifu, kope zikutane. Simu iwe kama sentimita 40 kutoka usoni. Wengi huishika karibu zaidi, hasa wakiwa wamelala. Kioo cha kompyuta kikae chini kidogo ya usawa wa macho ili kope zifunike sehemu kubwa zaidi ya jicho. Feni isipulize usoni. Mtu akiyafanya haya kwa majuma mawili na macho yakatulia, hana haja ya kuendelea kutafuta vitone vya kufuata.

Kuna kundi la pili ambalo mazoezi yanaliibia muda waziwazi, nalo ni la waliovuka miaka 40. Katika umri huo lenzi ya jicho huwa imekuwa ngumu kiasi kwamba msuli hata ukijikaza vipi hauibinui kama zamani. Maandishi yanasogezwa mbali, uzi haupiti tundu la sindano, na mtu anasema macho yake yamechoka. Hayajachoka, yanataka miwani ya kusomea. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa 2006, ulikuta hali hii kwa zaidi ya nusu ya watu wenye miaka 40 na kuendelea. Ni uzee wa kawaida wa lenzi, ambao hauchagui mkulima wala karani. Na thamani ya miwani ile rahisi imepimwa: katika mashamba ya chai ya Assam, India, wachumaji 751 wenye miaka 40 na zaidi waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa miwani ya karibu mara moja na nusu wakasubiri. Matokeo yaliyotoka 2018 yalionyesha kuwa ongezeko la uchumaji la waliopewa miwani liliwapita wenzao kwa takriban asilimia 22. Hakuna zoezi la kuzungusha macho lililowahi kuonyesha kitu kinachokaribia hapo.

Msomaji atauliza: mbona basi wako madaktari waliofundisha kwamba miwani haihitajiki? Alikuwapo mmoja hasa, William Bates wa New York, ambaye kitabu chake cha 1920 ndicho chanzo cha sehemu kubwa ya ahadi tunazozisikia leo. Bates aliamini kwamba jicho huona karibu na mbali kwa kubanwa na misuli ya nje, na kwamba kutoona vizuri ni matokeo ya mkazo wa misuli hiyo. Kwa hiyo legeza misuli, miwani itakwisha kazi. Alikuwa amekosea katika msingi, maana Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alikuwa ameshaeleza tangu miaka ya 1850 kwamba ni lenzi ya ndani inayobadilika. Hilo halikumzuia mwandishi Aldous Huxley kumpigia debe Bates katika kitabu cha 1942, na umaarufu wa Huxley ukaipa nadharia hiyo maisha marefu kuliko ilivyostahili. Tena baadhi ya maelekezo ya Bates yalikuwa hatari, kama lile la kuelekeza macho kwenye jua. Jua huunguza retina bila maumivu, na sehemu inayoungua ni ileile tunayoitumia kusomea. Anayekuambia ulitazame jua ili kutibu macho, usimsikilize na la pili.

Sasa tuje kwa anayestahili mazoezi. Yupo mtu ambaye kila jicho lake, likipimwa peke yake, linaona vizuri, lakini akisoma kwa dakika kumi herufi zinaanza kupandana, mstari unakuwa miwili, kichwa kinauma, na anajikuta amefumba jicho moja ili aendelee. Hujipima kwa kalamu. Ishike mbele ya pua kwa urefu wa mkono, ikazie macho ncha yake, kisha isogeze polepole kuelekea puani. Mwenye macho yanayokutana vizuri huiona ncha moja mpaka ifike sentimita kama 6 hivi kutoka puani. Ikigawanyika kuwa mbili ikiwa bado mbali zaidi, au mwenzako akiona jicho lako moja linatoroka kwenda nje mapema, huenda una udhaifu wa kukutanisha macho. Kipimo hiki cha nyumbani kinatosha kukupeleka kwa mpima macho. Hakitoshi kukupa jina la ugonjwa, kwa sababu uchovu, miwani isiyo sahihi na hata namna ya kushika kalamu huweza kukidanganya.

Udhaifu huu ndio uwanja ambao mazoezi yamepimwa kwa uangalifu mkubwa kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2008 yalitolewa Marekani matokeo ya utafiti wa watoto 221 wenye miaka 9 hadi 17 waliogawanywa katika makundi manne kwa majuma 12. Kundi lililofanya mazoezi kliniki kila juma chini ya mtaalamu, pamoja na mengine nyumbani, asilimia 73 walipona au kupata nafuu ya kutosha. Waliosogeza kalamu puani nyumbani peke yao walikuwa asilimia 43, na waliotumia programu ya kompyuta pamoja na kalamu asilimia 33. Kundi la nne lilipewa mazoezi ya kliniki yaliyotungwa makusudi yasitibu chochote, ingawa yalionekana ya kweli. Humo asilimia 35 nao walipata nafuu. Zisome namba hizi mara mbili. Zinasema kwamba mafunzo yanafanya kazi, na papo hapo zinasema kwamba mazoezi ya nyumbani bila msimamizi hayakuupita kwa mbali uangalizi mtupu na matumaini. Pia zinajibu pingamizi lile la kila siku, “mimi nilifanya na nikapona.” Inawezekana kabisa. Mtoto mmoja kati ya watatu alipata nafuu kwa zoezi lisilo na kitu ndani yake, maana dalili hupanda na kushuka zenyewe, na mtu anayeketi kimya kwa robo saa kila siku bila simu amekwishayapumzisha macho yake kabla zoezi halijaanza.

Kwa nini kliniki ilishinda? Sehemu ya jibu ni msimamizi, anayehakikisha kazi inafanyika na ugumu unapanda. Sehemu nyingine ni kwamba kule mtu anaonyeshwa macho yake yanapokosea, na ubongo haujirekebishi usipoliona kosa. Kliniki za mafunzo ya aina hii si nyingi kwetu, kwa hiyo anayelazimika kufanyia nyumbani atafute zoezi linalomwonyesha kosa. Lililo bora ni la uzi wa shanga, lililobuniwa na Frederick Brock, mtaalamu wa macho aliyefanya kazi New York. Chukua uzi mnene wa mita 2 hivi, tunga shanga tatu za rangi tofauti, funga mwisho mmoja kwenye kitasa cha mlango na mwisho wa pili ushike puani. Shanga ya kwanza iwe kama sentimita 30 kutoka usoni, ya pili sentimita 60, ya tatu mwishoni karibu na kitasa. Itazame ya kati. Macho yakiwa yamekutana hapo, utaona shanga moja, na nyuzi mbili zinazopishana ndani yake kama alama ya X, huku shanga nyingine mbili zikionekana mbilimbili. Usiogope huko kuona viwili; ni kawaida, na ndiko kunakokupa habari. Nyuzi zikipishana mbele ya shanga, upande wa kwako, macho yamekutana karibu mno. Zikipishana nyuma yake, hayajafika. Ukiona uzi mmoja tu, ubongo umelizima jicho moja, na hilo ni la kumpelekea daktari. Kaa kwenye kila shanga kwa sekunde 5, ruka kwenda nyingine, rudi, na baada ya siku kadhaa sogeza shanga ya kwanza karibu kidogo. Kalamu nayo ina nafasi yake, mradi iwe na herufi ndogo ya kukazia macho, isogezwe polepole, na isimame pale inapogawanyika ili ujitahidi kuiunganisha kabla ya kuirudisha nyuma. Katika ule utafiti wa 2008 watoto walitakiwa kufanya robo saa kwa siku, siku 5 kwa juma. Asiyeweza kudumu kiasi hicho asitegemee mengi. Na kwa watu wazima ushahidi ni mwembamba kuliko kwa watoto.

Kufuata na kuruka, ambavyo ndivyo vilivyobeba jina la mazoezi haya, vina wateja wao mahususi pia. Katika miaka ya 1940 madaktari wawili wa Uingereza, Cawthorne na Cooksey, walitunga mfululizo wa mazoezi kwa watu waliopata kizunguzungu baada ya majeraha ya kichwa au maradhi ya sikio la ndani. Mgonjwa alianza akiwa ametulia, akipeleka macho juu na chini, kulia na kushoto, polepole kisha haraka. Akafuata kidole kinachosogea kutoka kama mita moja hadi sentimita 30. Ndipo akaanza kusogeza kichwa, kisha kusimama, kurushiana mpira, na kutembea. Wataalamu wa viungo bado wanautumia mpangilio huo, na tafiti nyingi za baadaye zimeyapa nguvu mazoezi ya kizunguzungu kinachotokana na kuharibika kwa sikio la upande mmoja. Zoezi lake kuu la leo ni rahisi: bandika herufi ukutani, usimame mbele yake, ugeuze kichwa kulia na kushoto huku ukihakikisha herufi inabaki wazi, kwa kama dakika moja, mara kadhaa kwa siku. Kizunguzungu kidogo kinachopita baada ya dakika chache kinavumilika, na ubongo hujifunza kwa kukabiliana nacho. Kinachodumu kwa saa nzima ni dalili kwamba umezidisha. Kwa waliogongwa kichwani, na ajali za bodaboda zinatupatia wengi, mazoezi haya yapangwe na mtaalamu baada ya kupimwa. Aliyepata kiharusi na kupoteza nusu ya uwanja wa kuona hufundishwa kuruka kwa makusudi kuelekea upande uliopotea. Mazoezi hayairudishi nusu hiyo, lakini anajifunza kutoikosa milango na magari. Na si kila kizunguzungu ni cha sikio: shinikizo la damu na upungufu wa damu havitibiwi kwa herufi ya ukutani.

Kuhusu uratibu wa macho na mikono, matangazo yana ahadi nono kuliko zote: fuata vitone kwenye programu na utadaka vizuri, utaendesha vizuri, utacheza vizuri. Hapa napinga kwa msimamo zaidi, kwa sababu tunajua macho hufanya nini mtu anapofanya kazi halisi. Mwaka 1999 Michael Land na wenzake, Uingereza, walirekodi macho ya watu wakitengeneza chai. Macho yalifika kwenye birika, kikombe au kijiko takriban nusu sekunde kabla ya mkono kuanza kukishughulikia, na karibu hayakutazama kabisa kitu kisichohusika na hatua iliyokuwa ikifanyika. Mwaka uliofuata Land na Peter McLeod walirekodi wapigaji wa kriketi. Wapigaji hao hawakuufuata mpira njia yote kama tunavyodhani. Waliutazama unapotoka mkononi, kisha macho yakaruka mbele kwenda kuungojea pale utakapodunda, na mpigaji hodari aliruka mapema kuliko wa kawaida. Kwa maneno mengine, ustadi ulikuwa ujuzi wa mahali pa kutazama, na ujuzi huo umefungamana na kazi yenyewe. Anayefanya mazoezi ya vitone anakuwa hodari wa vitone. Mtoto anayehitaji uratibu apewe mdako: kijiwe kinarushwa juu, vingine vinatolewa shimoni, na cha juu kinadakwa kabla ya kuanguka, kazi ambayo inamlazimisha kugawa macho kati ya kilicho juu na kilicho chini kwa wakati hasa. Apewe rede, ambamo aliye katikati hana budi kuusoma mpira mkononi mwa mrushaji kabla haujatoka. Mtu mzima anayetaka kudaka, adake. Anayepona ajali na kutaka kurudi kushona, ashone, kwa uzi mnene kwanza.

Wazazi wana swali lao, na ndilo linalolipiwa fedha nyingi mijini: mtoto anayeruka mistari akisoma, je, mazoezi ya kufuatilia hayatamfanya asome? Dhana inaonekana ya busara hadi uangalie macho yanavyosoma. Tangu maabara ya Émile Javal, Paris, katika miaka ya 1870, imejulikana kwamba macho hayatelezi juu ya mstari. Huruka na kutua, na kila mtuo huchukua kama robo sekunde. Maana yake ni kwamba mfumo wa kufuata kitu kinachosogea hauna kazi kubwa katika kusoma. Na hata msomaji hodari hurudi nyuma mara kwa mara. Anarudi zaidi kila maandishi yanapokuwa magumu. Mtoto asiyeweza kuunganisha silabi atarudi sana na kupotea sana, na macho yake hapo yanaonyesha ugumu ulioko kwenye lugha na herufi. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba mazoezi ya macho hayana ushahidi wa kutibu matatizo ya kujifunza kusoma. Mwaka 2019 likaja jaribio kali zaidi: watoto 311 wenye udhaifu wa kukutanisha macho walipewa majuma 16 ya mafunzo ya kweli au ya bandia. Uwezo wa kukutanisha macho uliongezeka zaidi kwa waliopata ya kweli, lakini ufahamu wa kusoma uliongezeka sawasawa katika makundi yote mawili. Mpeleke mtoto apimwe macho, apate miwani ikihitajika, atibiwe udhaifu wa kukutanisha ukiwapo. Kisha fedha iliyobaki ilipie mwalimu anayejua kufundisha kusoma.

Wengine watasema, haidhuru, mazoezi hayana madhara. Zoezi lenyewe aghalabu halina. Madhara yamo katika kinachoahirishwa. Mtoto mwenye makengeza, au anayeona vizuri kwa jicho moja tu, yuko katika mbio na umri wake: ubongo unaendelea kujifunza kulipuuza jicho dhaifu, na kadiri tiba inavyochelewa ndivyo inavyokuwa ngumu. Tiba yake ni miwani, kufunika jicho lililo zima kwa saa zinazoelekezwa, na wakati mwingine upasuaji. China inatoa mfano wa nchi nzima. Tangu 1963 wanafunzi huko wamekuwa wakifanya mazoezi ya pamoja ya kukanda sehemu zinazozunguka macho, na bado kutoona mbali kumezidi kuenea miongoni mwao. Kilichoonyesha tofauti ni kitu kingine: huko Guangzhou, watoto wa darasa la kwanza walipoongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, baada ya miaka 3 asilimia 30.4 walikuwa wamepata tatizo hilo, dhidi ya 39.5 katika shule zisizoongezewa. Matokeo hayo yalitoka 2015. Mwanga wa nje ulifanya kazi ambayo vidole havikuifanya.

Mwenye sababu halali ya kufanya mazoezi aandike siku ya kwanza kalamu inagawanyika sentimita ngapi kutoka puani na anaweza kusoma dakika ngapi kabla ya herufi kupandana, kisha apime tena kila baada ya majuma mawili, saa ileile ya siku, akiwa na miwani ileile. Majuma 12 yakipita bila mabadiliko, aache na arudi kwa mtaalamu. Zipo dalili ambazo hazisubiri hata juma moja: kuona viwili kulikoanza ghafla, kope moja kuanguka, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, maumivu makali ya kichwa pamoja na hayo, mwanga unaomulika ndani ya jicho kama radi, pazia linaloshuka upande mmoja, au mng'ao mweupe ndani ya mboni ya mtoto, hata kama umeonekana kwenye picha tu. Hizo ni za hospitali siku hiyohiyo. Na anayeona viwili afanye jambo moja kabla ya kuondoka nyumbani: afunike jicho moja, kisha la pili. Picha ya ziada ikitoweka jicho lolote linapofunikwa, macho mawili hayaendi pamoja na huenda kasoro iko kwenye neva, misuli au ubongo. Ikibaki jicho moja likiwa wazi peke yake, tatizo limo ndani ya jicho hilo, kama vile mtoto wa jicho, ukavu au miwani isiyolingana. Amweleze daktari alichokiona, kwa sababu ndilo swali la kwanza atakaloulizwa.